Kitabu Kilichofungia Karanga

Mikumi
9 Juni 2024

Kaka Simoni,

Shikamoo. Habari za hapo Mabwerebwere, na miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima. Kazi ya kufua hotelini ni ile ile, ila mikono inachubuka kwa sabuni mpya waliyoleta. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu wewe husema "haya, haya" halafu unakata, na jambo hili ni refu kidogo.

Karanga zimefika. Kondakta alinipa mfuko pamoja na ujumbe uliomtuma, ambao nawe ulitumwa na Mama Sikujua aliyekuuzia: "Mwambie asome polepole, asije akapaliwa." Kondakta alicheka, nami nikacheka bila kujua nacheka nini. Nilipofika chumbani nikafungua kifurushi cha kwanza, nikala. Cha pili nikaona kwenye karatasi jina la Daudi, kwa mwandiko wangu.

Najua hukuangalia, kaka. Kwako karatasi ni karatasi. Ndiyo maana nataka nikueleze kile kitabu kilikuwa nini, kwa kuwa siku ya msiba hukuniuliza, nami nilikuwa sina sauti.

Unavikumbuka vile vitabu sita vya Wachunga Vivuli alivyokuwa navyo mdogo wetu. Ni hadithi ya nchi ambako watu huchunga vivuli kama wengine wanavyochunga ng'ombe, na mtu akifa kivuli chake hubaki kinazunguka kikitafuta wa kumfuata. Wewe ulikuwa ukimtania kwamba atamaliza macho kwa uongo. Yeye, tangu selimundu imlaze kitandani, alisema mle vitabuni ana miguu. Alikuwa ananusa ukurasa kwanza ndipo asome. Alama yake ya alipoishia ilikuwa njiti ya kiberiti iliyokwishawaka, na hakuna aliyeruhusiwa kukunja pembe ya karatasi. Hata kuku mweupe wa Mama alimwita Malkia kwa ajili ya vitabu hivyo.

Siku alipomaliza cha sita alinipigia simu analia. Nikadhani maumivu yamerudi. Akasema, "Dada, wameisha. Nitafutie wengine." Nikamuuliza wengine gani. "Wowote. Hata wasiofanana na hawa. Nisikae hivi hivi."

Nikatafuta hapa Mikumi. Hotelini kuna kabati la vitabu wanavyoacha wageni, vyote vya Kiingereza. Msimamizi wetu aliponikuta nimesimama pale aliuliza mbele ya wenzangu kama siku hizi nafua na vitabu. Basi nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Dumila, kwa yule muuza vitabu vikuukuu pale stendi, ambaye ndiye aliyemuuzia Daudi vile sita. Gari liliposimama Kilosa sikushuka. Niliwaona bodaboda wa kuelekea kwetu wamejipanga, nikajiambia nisiingie mikono mitupu, jioni nitarudi na kitabu. Na Dumila nilikipata, kimoja tu, cha kwanza cha hadithi nyingine ndefu, kinaitwa Taa ya Chini ya Mto. Nikaandika pale pale juu ya goti: "Kwa Daudi. Hiki hakifanani." Nilipofika nyumbani turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa. Wifi aliniambia kwamba asubuhi yote Daudi alikuwa akiuliza kama nimefika.

Mengine uliyaona mwenyewe. Mama Sikujua ni mtani wetu, na alifanya kazi ya mtani. Alininyang'anya kile kitabu, akajilaza mkekani, akajifunika nacho usoni na kusema kwa sauti ya Daudi, ile ya kukatika pumzi, "Msinizike, bado ukurasa mmoja." Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Hata Mama alicheka, na kwa hilo nilimshukuru mtani huyo. Kisha akainuka, akatangaza kwamba kitabu ni mateka wake mpaka tumkomboe kwa yule kuku mweupe. Mwenye kauli ulikuwa wewe. Ukasema, "Kuku kwa makaratasi? Chukua. Aliyekuwa anasoma hayupo."

Hata Mama Sikujua hakulitegemea jibu hilo, nilimwona usoni. Mtani huteka ili akombolewe. Asipokombolewa hawezi kurudisha bure, itakuwa kama kuufanya msiba ni mchezo wa watoto. Akakifunga kwenye kanga yake, akaondoka nacho. Na kuku mwenyewe akafa kwa kideri kabla hata hatujaanua matanga.

Vile sita ulisema vinaleta mende, nikavichukua. Mimi si msomaji, darasa la saba langu unalijua, lakini nimevisoma vyote nyuma ya tangi la maji wakati wa chakula. Njiti zake bado zimo. Mwezi uliopita nilimaliza cha mwisho, nikaelewa kwa nini alilia. Unafunga kitabu, na wote uliowazoea wanaondoka kwa mara moja, hata mmoja hakuagi.

Nikarudi Dumila. Muuzaji akanipa cha mapenzi, nikakataa. Akanipa cha ufugaji wa kuku wa kienyeji, nikakataa. Akasema kulikuwa na kimoja ambacho kingenifaa kabisa, ila alimuuzia dada mmoja aliyekuja mbio mbio.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Basi si unacho?"

"Sina."

Akanitazama kama mtu aliyelewa, akanisihi nichukue tu cha kuku.

Sasa wewe umeniletea, kaka, ndani ya mfuko wa karanga. Nimekunjua karatasi zote, nimezipangusa chumvi, nikazipanga kwa namba. Zinaanza, zinaruka, zinaanza tena. Kuna mwanamke anayeshuka mtoni na taa isiyozimwa na maji, anamtafuta mdogo wake huko chini. Karatasi inaishia maji yakiwa yamemfika kifuani. Inayofuata sina. Labda ilifungia karanga za abiria fulani, ikatupwa dirishani huko Rudewa.

Mama Sikujua simkasirikii, kwa mtani hakuna hasira. Nadhani miezi yote hii alikuwa akikungoja, na alipochoka ndipo akaanza kuchana. Jana nilimpigia, nikamwahidi kuku wawili. Hakutaka.

"Mkono uliokataa ndio utoe," akasema. "Na mwambie kaka yako mimi nauza kila siku."

Kwa hiyo naomba jambo moja. Chukua kuku yeyote pale nyumbani, umpelekee asubuhi kabla hajapanga meza yake. Ukifika usimwambie kwamba ni upuuzi, hata kama ndivyo unavyoona. Ukikuta zimebaki karatasi tatu, chukua hizo tatu. Na kama utachelewa, basi ninunulie karanga zake zote, na tafadhali usile hata kifurushi kimoja njiani.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie asikae na miguu kwenye sakafu ya saruji. Msalimie wifi, aliyemshika Daudi mkono wakati mimi niko Dumila. Wabusu watoto, waambie shangazi yao hajawasahau. Msalimie na mwinjilisti aliyetuombea kaburini, na mtani wetu naye, maana salamu zake nilizipata.

Ukipita makaburini mwambie Daudi bado natafuta. Nami mnikumbuke.

Mdogo wako,
Agnesi