Chaki Nyekundu Kwenye Lango

Jumatatu, 2 Februari

Sindano, mwanangu,

Mama yako ananiambia niseme, nisikae kimya kama jiwe la kusagia. Sina wa kumwambia. Basi nakuandikia wewe.

Leo baba yako mkubwa alipita dukani. Amekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule – unajua anavyopenda viti. Anasema zimepatikana fedha za kukarabati majengo, na safari hii wazazi wenyewe watasema wanataka nini. Jumatano. Njoo, mdogo wangu, alisema, wewe hasa. Alizungumza amesimama. Kigoda chako kilikuwa wazi pale karibu na cherehani, lakini hakuna anayekikalia.

Nikamuuliza, na lango? Akasema, lango pia, kila kitu kitajadiliwa.

Basi nitakwenda. Sijatia mguu pale tangu mwaka jana, siku ile kengele ilipolia mkamwagika nje kama maharage ya gunia lililopasuka, na lori likawa linapita. Lango lile linafungukia barabarani moja kwa moja. Hakuna hata hatua ya kuvuta pumzi. Mtoto akitoka mbio, ameshafika kwenye lami. Dereva hakuwa amelewa. Hakuwa na mbio sana. Hilo ndilo linaloniuma: sina wa kumchukia ila ukuta.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda.

Mchora ramani aliyeletwa na kamati ni binti tu, ana viatu vya kazi vilivyojaa vumbi. Hakutukalisha kusikiliza hotuba. Alitugawia chaki. Nyekundu, weka pale panapokutia hofu. Nyeupe, pale palipoharibika. Kijani, pale unapotaka kitu kipya. Kisha akatuachia shule nzima. Watu wazima kuandika ukutani! Mwanzoni tuliona haya. Kinyozi, jirani yetu wa dukani, ndiye aliyeanza. Akapiga mstari mweupe kwenye mlango wa choo, akasema, huu mlango na mimi tulianza shule siku moja, mimi nimemaliza, wenyewe bado unarudia darasa. Watu wakacheka, haya ikatutoka.

Tukazunguka. Bati la darasa la nne, nyeupe. Ngazi zilizomeguka, nyekundu. Tulipofika langoni vicheko vikaisha. Bibi mmoja akaweka alama nyekundu kwenye nguzo. Mwingine akaweka juu ya ile. Wakafuatana, na walimu nao. Chaki nyekundu ikaisha, mtu akaokota kipande cha tofali akaendelea nacho. Mwisho ukuta wote ulikuwa kama goti la mtoto aliyeanguka.

Mimi nilipiga mstari mmoja tu, chini, pale utosi wako ulipokuwa unafika. Urefu wako naujua. Kila sketi niliyokushonea niliiachia upindo mpana wa kukulia.

Halafu nikaenda nyuma, upande wa uchochoro wetu wa mafundi, kusikopita gari. Nikaweka kijani, pa lango jipya. Mchora ramani alinifuata, akautazama mtaro, akasema hapa panawezekana, ni kufunika mtaro kwa zege na kubomoa ukuta kidogo. Alisema kama mtu anayezungumzia kukaza kifungo.

Leo nimekula nikashiba. Mama yako aliona. Akaniongezea.

Alhamisi, 5 Februari

Wameosha.

Nilipeleka sare alizoagiza mwalimu mkuu, nikawakuta darasa lako na ndoo na brashi. Wanasugua lango. Yule rafiki yako mwenye mwanya alikuwa amechuchumaa pale chini kwenye mstari wangu. Shikamoo, baba Sindano – na huku anasugua. Marahaba, mwanangu. Ningesema nini? Mtoto ana kosa gani.

Mwalimu mkuu anasema wageni wenye fedha wanafika mchana, haiwezekani wakute shule imechafuka. Imechafuka! Akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, mchora ramani alishapiga picha.

Nikarudi kazini. Nikakata kitambaa cha mteja vibaya, shati zima. Mikono ilitaka kitu cha kuvunja, ikalipata shati la watu.

Jumamosi, 14 Februari

Kikao cha pili, cha kuonyeshwa ramani. Imebandikwa ukutani mwa ofisi, imepakwa rangi, imependeza. Ina hata miti ambayo haipo. Vyoo vipya, sawa. Bati jipya, sawa. Lango – palepale. Kubwa zaidi, nguzo mbili nene na upinde juu. Na huku nyuma, uchochoroni, ukuta wameuinua na kuupangia juu vipande vya chupa.

Nikanyoosha mkono. Mimi, ambaye hata darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Nikasema, tuliweka nyekundu pale. Nikawageukia: ninyi wote mliweka nyekundu.

Baba yako mkubwa akajibu kwa upole. Maoni yote yamezingatiwa, anasema, ndiyo maana lango limepewa fungu kubwa kuliko vyote. Watu wamesema lango, sisi tunajenga lango. Na shule isiyoonekana kutoka barabarani ni shule gani? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ule upinde uliwapendeza, niliona. Kila mtu alikuwa ameshajipiga picha chini yake moyoni.

Nikamtazama mchora ramani. Akasema alichora ramani mbili, moja ya lango la nyuma, kamati ndiyo iliyochagua. Akainamia viatu vyake.

Ndipo mama muuza mkaa akapaza sauti kutoka nyuma. Fundi, sema ukweli wako, unataka lango lihamie mlangoni kwako utushonee ukoo mzima.

Kicheko. Kicheko cha watu walewale wa chaki. Hata kinyozi alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa.

Duka langu liko uchochoroni, ni kweli. Lakini hilo halikunijia kichwani, mwanangu, hata mara moja. Nilikaa chini. Majibu yote mazuri yalinijia nikiwa njiani kurudi, ilivyo kawaida ya majibu.

Kaka yangu hakucheka. Hakunitetea pia. Yeye anajua. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea.

Jumapili, 15 Februari

Alikuja nyumbani baada ya chakula cha mchana, amevaa kofia yake nzuri. Nikadhani amekuja kuomba radhi. Akasema, mdogo wangu, kuna jambo nimelipigania, na nimelipata.

Lango litapewa jina lako. Jina lako la darasani, lile refu, ambalo sisi tulilitumia ukifanya utundu tu. Litachongwa juu kwenye upinde, herufi za rangi ya dhahabu. Alikuwa anatabasamu. Akasema, kila gari litakalopita pale litasoma jina la mtoto wetu.

Kila gari.

Mama yako alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nikamwambia kaka yangu, ondoka. Tangu tuzaliwe sijampandishia sauti. Akadhani amesikia vibaya, nikarudia. Akasema, kwani mimi simlilii? Mimi mtoto yule namlilia kama wewe. Nikasema, najua unalia, kaka. Lia. Lakini usimtundike palepale alipofia, wenzake wakawa wanapita chini yake kila siku kukimbilia lami ileile. Nikasema, ungetaka akumbukwe, ungeacha chaki ukutani.

Macho yakamjaa. Alichukua kofia akaivaa nyuma mbele. Sikumwambia.

Mama yako alipotoka aliuliza, umemwambia? Nikasema nimemwambia. Akasema, bado hujamwambia ya kutosha.

Jumatano, 18 Februari

Nina hasira. Naandika hivyo kwa sababu sijui pa kuiweka.

Watu husema fundi yule hana neno. Mteja akilalamika nafumua, nashona upya, namwambia pole. Kumbe hasira ilikuwepo siku zote, nimeipinda tu kwa ndani kama upindo wa sketi zako, inasubiri kuteremshwa.

Uzi umenishinda leo. Macho haya. Wewe ulikuwa unaulowesha kwa ulimi, unafumba jicho moja, umeshapita. Halafu unanicheka: baba, tundu ni kubwa, wewe ndiye unaliogopa. Nilijaribu mpaka uzi ukachanuka kama ufagio. Nikaipa cherehani mgongo.

Kinyozi akaja akasimama mlangoni. Anasema, Jumamosi nilicheka, naomba unisamehe. Nikamwambia, una watoto wawili pale shuleni. Akasema ndiyo. Basi usiniombe mimi, nikasema.

Kisha akanong'ona kwamba wachimbaji wa msingi wa nguzo wanaanza Jumanne.

Jumatatu, 23 Februari

Nimemuuliza mama yako kama nimepata wazimu. Nikamweleza ninachofikiria. Akasema, wazimu ni kushona sare za kuwavisha watoto halafu kuwatazama wakivuka.

Jumanne, 24 Februari

Naandikia juu ya meza ya cherehani. Mwandiko huu unisamehe, chini hapako sawa.

Asubuhi nilifunga duka kwa kufuli. Mimi na kinyozi tukaibeba cherehani, yeye mbele, analalamika njia nzima kwamba chuma hiki kizito kuliko mkwewe. Mama yako nyuma yetu na kigoda chako kichwani. Pale langoni wameshachora chini kwa chokaa mahali pa kuchimba, alama mbili, kila nguzo na yake. Tukaitua cherehani juu ya alama ya kwanza. Mama yako akaweka kigoda, akakipangusa kwa kanga, akanitazama. Nikakaa. Magoti yananifika kidevuni. Lakini nimekaa.

Mchimbaji akaja na sururu begani. Mzee, hapo ndipo nguzo. Nikasema najua. Akasema, nimeambiwa nichimbe. Nikasema, chimba, baba, mimi nashona. Akanizunguka kama mtu anayepima ng'ombe. Kisha akageuza toroli akalikalia, akasema yeye analipwa kwa siku, siyo kwa shimo.

Nilikuwa na sketi ya mteja ya kumalizia. Uzi ukakataa. Mchimbaji akautazama ukikataa, akavumilia, akashindwa. Lete, mzee. Akafuta mikono kwenye suruali, akaulowesha uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja. Ukapita. Mbona tundu kubwa hili, alisema.

Nilitazama pembeni kidogo. Kisha nikashona.

Mwalimu mkuu alitoka, akaniuliza kama nina kibali. Nikasema sina. Akarudi ndani na simu sikioni.

Mama muuza mkaa naye akapita na mizigo yake. Akasimama. Nikamwambia, mama, duka langu nimelifunga. Lango likihamia nyuma, duka sitalifungua tena kule, nitatafuta pa kushonea kwingine. Kinyozi ni shahidi. Sasa niambie tena ninachotaka. Akaenda zake. Baadaye akarudi na gunia tupu, akalitandika kwenye alama ya nguzo ya pili, akakaa, akanipa mgongo. Mpaka sasa hatujasemezana. Ana mjukuu darasa la kwanza, nimekumbuka.

Watu wanasimama wanatazama. Wengine wanacheka. Mwanamke mmoja amekuja na kipande cha tofali, amepiga mstari mwekundu ukutani, akaondoka. Sijui wangapi watabaki. Pengine jioni tutabaki mimi na mama yako. Pengine kesho watatuita wahuni.

Kaka yangu amefika. Namwona ng'ambo ya barabara, na kofia yake, anapunga mkono kwa ukali. Anataka kuvuka. Magari hayampi nafasi. Anashusha mguu kwenye lami, lori linapiga honi, anaurudisha. Anashusha tena, anaurudisha. Mtu mzima, mwenyekiti. Sasa ameacha kupunga. Amesimama tu, anaitazama barabara.

Ndani nasikia madawati yanaburutwa. Kengele inakaribia.

Mimi na mchimbaji tumeisogeza cherehani katikati ya lango. Watoto wakija mbio watanikuta hapa, itabidi wapunguze, wanizunguke mmoja mmoja. Mama yako amesimama upande wa barabara, amenyoosha mikono yote miwili.

Inalia.

Nikumbuke huko uliko, mwanangu. Nikumbuke hivi nilivyo leo, nimekaa kwenye kigoda chako.