Kiti cha Mama Chenye Mguu Mfupi

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na usingizi unakujia vizuri. Huku hatujambo. Mume wangu ana mafua, na anayauguza kama vile ni yeye wa kwanza duniani kuyapata. Wajukuu zako wanauliza kila siku bibi atahamia lini, na hilo la kuhama ndilo lililonishikisha kalamu.

Ulituambia mimi na kaka kwamba nyumba ile kubwa imekushinda, na kwamba utafikiri kwanza uende kukaa kwa nani kati yetu. Tukaitikia kwa adabu. Mimi nilipofika kwangu nikaanza kukuandalia chumba siku ileile. Nikanunua na kochi jipya, ambalo nailoni yake sijaitoa mpaka leo lisije likachafuka.

Kumbe kaka alipita huko kwako akabeba kile kiti chako cha zamani chenye mguu mmoja mfupi, ulichotubembelezea sote. Wifi ndiye aliyekitaka, eti akitengeneze upya. Nilicheka peke yangu. Basi nikaenda kuwasalimia, na nisikufiche, nilienda kuchungulia.

Mama, kile kiti! Amekivua kitambaa chote kilichooza, amekipiga msasa mpaka mbao zikang'aa, kisha amekipaka rangi ya majani machanga. Kikalio amekiwekea sponji mpya na kitambaa cha maua meupe, na kingo amezipigilia misumari midogo, safu moja kama meno. Majirani walikuwa wanaingia wenyewe kukitazama, chema chajiuza. Kaka naye alikizunguka utadhani amekizaa yeye.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikatafuta kosa. Nikasema rangi imekolea mno, wao wakaendelea kukisifu. Nikaukumbuka ule mguu, nikajua lazima ameuunga ukalingana na mingine. Nikakisukuma kiti kwa goti. Kikalia kwa-kwa, vilevile. Wifi akaeleza kwamba alishakata kipande cha ubao cha kuuongezea, ila kaka akamwambia mama husinzia kwa mlio ule, naye akakitupa kile kipande. Alitaka ukifika kwao usione ugeni.

Hapo ndipo nilipoungua. Mlio ule ni wangu, mama. Mimi ndiye kitinda mimba, mimi ndiye wa mwisho kulala mapajani mwako katika kiti kile. Nikafungua mdomo nikawaambia wamejisumbua bure, maana umeshaniarifu mimi kwamba unakuja kwangu.

Kaka akasema kama mama ndivyo alivyoamua, sawa. Wifi akaendelea kufuta brashi yake taratibu, akasema basi kiti nacho kihamie kwangu, kimfuate mwenyewe.

Jana wamekileta. Wifi akaniachia na kopo dogo la rangi iliyobaki, akanielekeza nikiguse-guse kikichubuka. Halafu akaniomba niwe ninamwita siku mojamoja, aje akusuke nywele. Unajua yeye alifiwa na mama yake hata kabla hajaolewa. Nikamjibu tutaona. Ndilo jibu lililonitoka, mama: tutaona!

Sasa umeshajua. Nimekutia mdomoni maneno ambayo hukuyasema. Usidhani wivu umeniisha, maana kila nikikitazama kiti hiki natamani mikono iliyokipamba ingekuwa yangu. Ukisema unakuja kwangu, uongo wangu utageuka kweli, na hakuna atakayejua ila sisi wawili. Ukisema unakwenda kwao, nitakibeba mwenyewe kichwani mpaka mlangoni kwa wifi, pamoja na kopo lake. Ninakuomba jambo moja tu: jibu lako mpelekee kaka kwanza. Likinifikia mimi kwanza, sijiamini.

Wasalimie majirani wote, na yule jirani yako mpenda habari umwambie nimenenepa, afurahi. Ukiona mwandiko umeyumba, usihofu, mkono wangu ni mzima. Nakuandikia nimekikalia kiti chako.

Ni mimi mwanao,
Pilipili