Mzigo Niliousahau Kwedizinga

Dada Edna,

Shikamoo. Hamjambo huko Korogwe? Mbuzi wako amezaa mapacha.

Alhamisi mto ulifurika hapa kijijini Kwedizinga. Nilikimbilia mlimani nikamwacha mama kitandani, mimi mwalimu wa kanisa ninayewaambia watu wasiogope. Jirani yetu Mustapha ndiye aliyembeba mgongoni. Aliponikuta huko juu alinitania: "Mwalimu, umesahau mzigo!" Watu walicheka.

Nilimwomba mama msamaha, nikamuuliza kama aliogopa maji.

"Nilikuwa nakuombea wewe," akasema. "Mimi nilikuwa na Yesu. Wewe ulikimbia peke yako."

Akanishika mkono, tukasali. Hofu ilinitoka pale pale. Aibu bado haijanitoka, ndiyo maana nakuandikia kabla Mustapha hajakusimulia.

Mdogo wako,
Yordani