Mstari wa Kwanza wa Barua ya Sesilia

Ujiji, Kigoma

Dada Zuhura, mlezi wangu,

Shikamoo. Jambo lenyewe nalitanguliza: homa ilinilaza siku nne, nikatapika mpaka nyongo. Sasa nimeinuka, nakula ugali, na kazi ya kushusha magunia ya mahindi ya wakimbizi bado ninayo. Wewe je? Na kifua cha Baba?

Najua umeshtuka, umemwambia Shemeji, "Huyu Hamisi kaandikiwa na mtu." Ni mkono wangu, dada. Mimi yuleyule wa kukujazia ukurasa kwa salamu tamu kama halua, uzile kwa kijiko. Nimeacha, na sababu nitakueleza.

Huku Ujiji mimi ni mtu mkubwa. Nimeishi Dar, Tanga na Mwanza, na darasa langu la tano lilikuwa la tano la zamani, siyo haya ya sasa. Wanaovuka ziwa kutoka Burundi husubiri hapa malori ya kambini, na wengi wana ndugu waliotangulia huko. Jioni nikitoka kazini nakaa nao na daftari, nawaandikia bure, madereva wanabeba. Sifa zangu zimefika Ilagala, na kama hazijafika ziko njiani.

Mwezi uliopita aliniita mama mmoja, Sesilia. Alikuwa amelala mkekani, anaharisha, watoto wake wawili wamekaa miguuni pake. Kaka yake, Deo, alikuwa kambini.

"Mwandikie aje kesho awachukue watoto," alisema. "Mimi nakufa."

"Usiseme hivyo, utapona."

"Andika nilivyosema."

Sikuandika alivyosema. Kwetu tangu lini barua ikaanza na kifo? Nikaanza kama tulivyolelewa: sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na macho yetu. Nikashusha salamu za asubuhi, za mchana, za kila aliyevuka naye. Kule chini, karatasi inaisha, nikaweka kwa adabu: dada yako ana uchovu kidogo, ukijaaliwa nafasi upite uwaone watoto. Nikamsomea. Alikuwa amefumba macho, nikadhani ameridhika.

Siku tano, Deo haonekani. Nikamlalamikia karani wa stoo yetu, Mama Edina, Muha wa Mwandiga, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Nikamsomea barua nzima kwa kichwa, nangoja sifa.

"Mgonjwa yuko wapi humo?" akauliza.

"Yuko mwishoni, Mama."

"Na huko mwanzoni mzima ni nani?"

Akachana karatasi katika daftari la stoo, akanisogezea.

"Kabla hujashika kalamu, sema kwa mdomo jambo moja unalotaka afanye. Hilo liwe mstari wa kwanza. Halafu kwa nini. Halafu lini, na atamkuta wapi. Ukimaliza jisomee kwa sauti. Kila unapojisikia mtamu, futa."

"Sasa kitabaki nini?"

"Barua."

Nikaandika: Deo, siku utakayopata karatasi hii njoo Ujiji uchukue watoto. Sesilia ana hali mbaya sana, anasema anakufa. Wako kwenye mahema ya ufukweni, nyuma ya zahanati. Nikaona aibu kumpa dereva kitu chembamba namna ile.

Deo alikuja siku ileile aliyoipata. Sesilia tulikuwa tumemzika jana yake asubuhi, kaburi nilichimba mimi na wapagazi wenzangu. Watoto walikuwa kwa Mama Edina, mdogo bado anauliza mama ataamka saa ngapi.

Deo alizitoa barua zote mbili mfukoni. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze.

"Hii ilinifikia mapema," akasema, akaikunjua ya kwanza. "Niliwasomea majirani. Tukaomba, tukashukuru kwamba wamevuka wote wazima."

"Ni mimi niliyeandika."

"Una mwandiko mzuri," akasema.

Kisha akaniomba nimwandikie mama yao, aliye kambi nyingine. Nikamwambia wewe unajua kusoma, utaandika mwenyewe. Akanisogezea daftari langu. Nikaandika: Mama, Sesilia amefariki. Alizikwa Ujiji, kaburi lina alama. Watoto wote wawili wako kwangu, wanakula. Nikasoma kwa sauti, sikuona cha kufuta. Deo akasema "Urakoze," ndiyo asante yao, akawashika watoto mikono wakaenda kungoja lori.

Sasa dada, barua zako tatu zimeniambia Baba hajambo, kwa maneno yaleyale matatu. Nakujua, ndiwe uliyenifundisha kuandika hivyo. Nakuomba jibu lako lianze na Baba: anapumua vipi, analala ameketi au amelala, na nije au nisije. Usinionee huruma. Nauli nitajua mwenyewe, mimi mtu wa miji.

Nisalimie Shemeji, na jino lake linalomsumbua. Nisalimie Mama Mdogo msuka mikeka, na shangazi yetu wa kisimani, mwambie utani wake nimeukumbuka. Baba mpe mkono wangu, mshikie kitambo kidogo.

Mimi mdogo wako, Hamisi, ambaye tangu leo akikuandikia ni mzima, ujue ni mzima.