Barua Iliyokuwa Ndani ya Daftari la Mbegu

Beltsville, Maryland
20 Aprili 2025

Bilha mwanangu,

Nimekuficha jambo, na nalitanguliza kabla ya salamu nisije nikajificha nyuma ya salamu. Barua ya kuniita kwenye mahojiano ya ukaazi haikupotea. Ninayo mimi. Iko ndani ya daftari langu la mbegu, kwenye kurasa za mahindi ya mwaka 1983. Jirani yetu Lorraine aliitoa kwenye sanduku la posta akanikabidhi mkononi, akasema, "Bwana Mwalimu, hii ni ya serikali, usiifanye alamisho." Unamjua yule mama, Kiswahili chake cha chuoni cha miaka ya sabini, kila neno limepigwa pasi. Nami nikaifanya alamisho. Siku yenyewe ya mahojiano nilivaa koti, nikaketi dirishani mpaka saa ikapita.

Sasa salamu. Hujambo huko Fairbanks? Wagonjwa wako wanaendeleaje? Mimi moyo unachoka kwenye ngazi ya tatu, na masikio yamekataa simu kabisa, ndiyo maana tunaandikiana kama enzi zako za bweni. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya utafiti ng'ambo ya barabara, na kwa nusu saa nzima sijui kama niko Beltsville au nyumbani Kimilili. Jana nilimwona mama yako akipita kati ya mistari, amejifunga kile kitenge cha kijani. Miaka tisa kaburini, na bado ananishinda kwa mwendo.

Mrudishie Lorraine ufunguo wetu. Hana kosa.

Baba yako


Fairbanks, Alaska
28 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi mzima wa mwili, lakini barua yako nimeisomea chumba cha dawa nikajikuta nimekaa sakafuni. Miaka miwili, Baba! Miaka miwili ya fomu, picha, alama za vidole, daktari wa chanjo. Nimekubali mkataba wa huku kwenye theluji ili kiangazi chote nikae nawe, makaratasi yako yakiwa tayari. Kumbe uliyalalia!

Na Lorraine je? Nilimwita mzembe. Nilimnyang'anya ufunguo, nikamtafuta Séraphine aje kukuhudumia mahali pake. Jana nimempigia. Akasema, "Nilijua nimempa mkononi. Sikutaka kumshtaki mzee." Baba, nililia kama mtoto.

Uliogopa nini? Kama ni kuzikwa nyumbani, nani amekukatalia? Kama umechoka na Amerika, si ungesema tu? Mimi ni mwanao wa pekee. Usiponiambia mimi utamwambia nani?

Unakula? Séraphine anasema unamsumbua.

Binti yako,
Bilha


Beltsville
4 Mei 2025

Bilha mwanangu,

Natumaini hasira imepoa na miguu haikuumi kwa kusimama. Mimi niko. Nakula, usimsikilize Séraphine. Yule mama wa Bukavu ananitawala. "Papa, kula! Ama nitaambia binti yako, yeye iko mukali kunipita." Nikamjibu kwamba huo ukali nilikufundisha mwenyewe. Akasema, "Basi kula matunda yako."

Lorraine amekuja. Ameniletea majani ya kwao, ambayo ni sukuma wiki ile ile yetu iliyobadilishwa jina baharini. Nilimwomba radhi. Akafikiri, akatafuta maneno yake yaliyonyooka, akasema, "Nimekusamehe, lakini sijakuelewa."

Nawe hujanielewa, najua. Siku hizi naota ndoto moja tu. Tuko nyumbani, meza imeandaliwa, sahani ni tatu: ya mama yako, yako, na yangu. Nasema bado moja. Mama yako ananiuliza, "Kwani tuko wangapi, Baba Bilha?" Naenda jikoni kuitafuta ile sahani ya bati ya bluu. Jikoni kunazidi kwenda mbali, kunageuka shamba, mahindi yananipita kichwa, nasikia mtu akiosha vyombo mle ndani na simfikii. Naamka mkono umenyooka hewani.

Nitakuambia. Nipe siku chache.

Baba yako


Fairbanks
9 Mei 2025

Baba,

Kifua kinaendeleaje? Séraphine amenieleza kwamba miguu imevimba na usiku unalala ukiwa umeketi. Nimeomba kuachiliwa mapema. Nitafika tarehe ishirini, Mungu akipenda. Huku usiku umekataa kuwa giza, naziba dirisha kwa blanketi ndipo nipate usingizi, na barua zako zinaniingia kama ndoto zangu mwenyewe.

Ile sahani ya bluu naikumbuka. Si ilikuwa ya Anitha, yaya wangu? Alikuwa akila jikoni hata tukimwita mezani. Mbona umwote yeye?

Sasa nisikilize. Wakili wa Gaithersburg anasema faili linaweza kufunguliwa tena tukiomba kabla ya Mei 18. Anataka sababu ya kutohudhuria, kwa mwandiko wako, na iwe ya kweli. Vingine vyote vipo, hata ile hati ya Anitha ya kuthibitisha kwamba alikuwepo nilipozaliwa, maana cheti changu kilichelewa kuandikishwa. Masikini Anitha, alisafiri hadi Bungoma mjini kuitia sahihi mbele ya wakili, wala hakutaka hata nauli.

Ni sababu tu, Baba. Mistari mitatu.

Binti yako,
Bilha


Beltsville
13 Mei 2025

Bilha mwanangu,

Salamu za upendo. Kifua kimenipa nafasi leo, nami naitumia. Haitakuwa mistari mitatu.

Hiyo hati ya Anitha ndiyo sababu. Ulinionyesha kabla ya kuituma, ukifurahi. Nilivaa miwani nikasoma: "Nilikuwa mtumishi wa nyumba hiyo. Undugu na wahusika: hakuna." Chini yake sahihi, kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe pale jikoni, wewe ukiwa umelala mgongoni kwake.

Unajua sisi wa kanisa la Marafiki, Quaker, hatuapi. Kanisani kwetu hakuna kweli ya kila siku na kweli nyingine ya mbele ya hakimu. Afisa angeniruhusu nithibitishe tu bila kuapa, nilisoma hayo. Lakini angepita fomu mstari kwa mstari, na mahali pa idadi ya watoto wewe ulijaza mmoja, nami nikatia sahihi. Ungekuwa umeketi kando yangu. Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana. Nikaficha barua.

Nilipokuwa chuo cha kilimo Bukura, kabla sijamjua mama yako, nilipendana na msichana aitwaye Nafula. Tukapata mtoto, na Nafula akafariki mtoto huyo akiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa 1983, mama yako ana mimba yako, na nilimwambia naleta msaidizi. Tuliposhuka Kimilili, mimi na mtoto, tulitembea kwa miguu, yeye amebeba kifurushi chake kichwani. Darajani nikasimama nikamfunza: "Nyumbani utaniita Mwalimu." Akaniuliza, "Hata tukiwa wawili tu?" Nikasema hata tukiwa wawili tu.

Hajawahi kukosea, Bilha. Miaka arobaini na miwili. Hata mbele ya wakili wa Bungoma hakukosea.

Séraphine atapeleka nakala ya barua hii Gaithersburg kesho. Faili likifunguka, sidhani nitaliona. Lakini siku ya kunizika watoto wataitwa mbele kwa majina, na sitaki asimame nyuma kwenye masufuria. Nimemwandikia yeye pia. Barua yake iko ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule ule. Mpelekee kwa mkono wako.

Wakili arekebishe pale pa watoto, aandike wawili. Anitha ni binti yangu wa kwanza.

Baba yenu,
Silvanus