Filamu ya Harusi ya Rita

Winson Green, Birmingham
Jumapili

Kwa Baba yangu Jairus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti laendeleaje? Mama ananiambia umekataa kliniki ati dawa zao zinanuka. Nenda, Baba, tafadhali. Mimi mzima, kazi ya kutunza wazee inaendelea, ni mgongo tu unaolalamika. Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu neno hili lingenikwama kwenye simu.

Unakumbuka nilipokwambia nimejiunga na watu wa picha kule Lozells, ukacheka, ukauliza kama mtu hupanda ndege kwenda kujifunza kazi ya babake? Basi bado niko nao. Ni ukumbi mdogo juu ya duka la mboga, wa sisi watu Weusi, tusimulie maisha yetu kwa kamera zetu wenyewe. Mwalimu wetu, Maisara, ni mkali kama wewe. Gusa karatasi za picha kwa vidole vilivyolowa uone! Nawapenda sana. Nikisikia harufu ya zile dawa za kusafishia picha, niko nyumbani kabisa.

Mwezi ujao tuna maonyesho. Nimepeleka ile picha uliyompiga Mama akipepeta maharagwe, na wote walisogea kuitazama. Nikawaambia uliacha kazi hiyo zamani, na Maisara akataka niandike chini yake jina la mpiga picha, na kwa nini aliacha kazi.

Kangundo nzima inajua kwa nini. Harusi ya Rita, binti wa mzee wa kanisa, haikutoka hata picha moja. Ulisimama mbele ya wazazi wake ukasema ulikosea kuingiza filamu, haikuzunguka ndani ya kamera. Hakuna aliyekuita tena, ukauza kamera.

Baba, ni mimi. Siku ile tuliporudi, ulipoingia kuoga, nilifungua kamera, filamu ikiwa bado ndani, ili nione maharusi mle. Nilikuwa na miaka saba. Nikaifunga, nikanyamaza mpaka leo. Nisamehe.

Lakini nawe una lako. Juzi Maisara alitufundisha kwamba filamu isiyozunguka hutoka wazi, unaona hadi upande wa pili, na iliyoona mwanga hutoka nyeusi. Ile ya Rita niliiona ikining'inia kwenye kamba yako, nyeusi tititi. Wewe na ujuzi wako wote ungekosa kujua? Na nyumbani tulikuwa wawili tu, Mama alibaki kanisani akiosha masufuria. Wooi, Baba! Ulijua. Ukabeba aibu yangu, na hata siku moja hukuniuliza.

Nimeandika chini ya picha kwamba imepigwa na Jairus wa Kangundo, aliyeacha kazi aliyoipenda ili mtoto wake asilaumiwe. Usipotaka, nitafuta. Ila Desemba nikija nitaenda mwenyewe kwa kina Rita, wasikie kwa mdomo wangu.

Msalimie Mama, na umwambie picha yake imependwa Uingereza, asianze kuringa. Nimekununulia kamera ya filamu, iko tayari kwenye sanduku. Naapa sijaifungua.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mumbua