Ulininyang'anya Kiti cha Kutafsiri Filamu

Dada Salma,

Usianze kunicheka huko uliko. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa mbinde. Ila sura Mungu hakuninyima, hata wewe mtoto wa mama mkubwa ulikubali.

Nianze na kinachoniuma: wivu. Homa ya mapafu ilikuchukua upesi mno, hata kuaga hukuaga. Siku tunakusindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun, sanduku lako likisubiri ndege ya mizigo, watu walijaa. Unajua msako ulivyo siku hizi, polisi wanadai pasipoti kila kona, ukikutwa na viza iliyokufa unarudishwa kwenu na nguo uliyovaa. Na bado wenye viza zilizokufa walitoka mafichoni kuja kukulilia! Mimi nikifa nani atatoka? Labda laoban, yule bosi wa Kichina mwenye duka la jinzi pale soko la Zhanqian, tena aje kuhakikisha sitarudi kumsumbua na bei.

Nani alikuwa mtafsiri wa filamu kabla yako? Sema ukweli. Mimi! Msako ulipoanza tukawa tunajifungia chumba kimoja Jumapili na kuzima sauti ya televisheni, majirani wasije wakaita polisi. Nakaa kwenye kiti, nawatafsiria filamu za Hongkong, natia na maneno ambayo hayamo, watu hawana mbavu. Staa nilikuwa mimi. Ukaja wewe na kidato cha sita chako. Mwanamume kampiga mkewe kofi, nikasema kwa sauti ya mke, "Nisamehe mume wangu." Ukasimamisha filamu.

"Wewe Idi, nani kakwambia anaomba msamaha? Mdomo wenyewe hajafungua!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata kiti kikawa chako.

Ulikuwa hodari, sikatai. Ukitafsiri wewe, vimada walikuwa na kazi zao, na wake walikuwa wanajibu. Ulikuwa unauliza kwa nini staa wa kike akinenepa magazeti yanamsimanga, wa kiume akiota kitambi anaitwa bosi. Nikasema unawaonea wivu warembo. Ukanijibu, "Mrembo namwonea huruma, mdogo wangu. Filamu nzima hawajampa neno la maana la kusema." Wakacheka wote, nikanuna mpaka wali ukapoa.

Sasa habari. Jumapili iliyopita nilikirudia kiti. Nimenyoa, nimepiga shati jipya. Mama Glory, yule wa Mbeya anayesafirisha nguo za watoto, akanitazama juu mpaka chini. "Haya, baba. Ukituletea ule upuuzi wa nisamehe mume wangu, unashuka."

Nilianza vizuri, Dada. Kufukuzana, bastola, utani wangu. Kisha jamaa akambana mkewe jikoni, akamzaba kofi. Kamera ikabaki kwenye uso wa yule mwanamke. Midomo ikafunguka.

Nisichotakiwa kusema nilikijua. Cha kusema je? Nikageuza shingo kukutafuta. Kama mjinga, nikakutafuta mle chumbani.

Mama Glory ndiye aliyeanza. "Mkono huo kaupigie ukuta!" Mwingine, "Chakula kiko jikoni, kapakue wewe na hasira zako!" Mwingine akasema jambo la nyumbani kwake mwenyewe, hilo sikuandikii. Wakapaza sauti wote pamoja, wengine wanalia huku wanasema, mpaka ikabidi niwaombe wapunguze, polisi wasije wakatusikia. Nami pale kitini sina kazi. Hujui nilivyokuonea wivu. Mtu umezikwa, na bado chumba ni chako!

Basi tumekubaliana. Wanawake wanajisemea wenyewe. Mimi nimeachiwa wanaume, magari na mbwa. Mbwa nambwekea vizuri sana, uliza mtu yeyote.

Pumzika, Dada yangu. Wivu wangu haujaisha na sitakudanganya kwamba utaisha. Lakini nakuahidi hili, na mimi nikiahidi unanijua: wanaume walio kinywani mwangu hawatasamehewa bure. Yule jamaa wa kofi yumo kwenye sehemu ya pili ya ile filamu, na nitampigisha magoti nimwombeshe radhi kwa sauti yangu hii nzuri. Akina mama wakikataa kumsamehe, abaki hapo hapo chini.

Mdogo wako mwenye sura,
Idi